Sauti Niliyompa Yule Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo wa tumbo moja, na natumaini barua hii inakukuta umeketi, ingawa najua wewe kuketi ni mpaka uugue. U hali gani? Shemeji hajambo? Wanangu hawajambo, na yule wa mwisho ameacha kula chaki? Na Mama, magoti yake yanaendeleaje? Nimesikia kwamba daktari alimwambia apunguze kutembea, naye akamwambia daktari apunguze kusema. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Huku kwangu ni wazima, namshukuru Mungu. Presha imetulia, na watoto wako makazini kwao, wananikumbuka wakiumwa.

Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua? Sababu ni moja tu. Nikikupigia simu unaiweka sauti kubwa, na Mama anajibu kabla yako. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza. Hakuna aliyekufa. Hakuna anayeumwa. Tulia.

Unajua kwamba nafanya kazi maktaba ya wasioona, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza vizuri kazi yenyewe inavyofanyika, maana kila nikianza Mama huingilia kuuliza kama nimekula. Tuna kachumba kadogo kasicho na dirisha la nje. Kuta zimebandikwa sponji, chini kuna zulia, na mlango una mpira pembeni kama wa jokofu. Mimi hukaa mbele ya maikrofoni, kitabu kikiwa juu ya kibao cha mshazari. Bangili ni mwiko. Nguo iliyopigwa wanga ni mwiko, inachakarisha. Hata ukurasa haufunuliwi ovyo: unaushika pembeni, unanyamaza, unaugeuza kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Nyuma ya kioo hukaa fundi wa mitambo, tunamwita Fundi Sauti, na visikizio masikioni, na hakuna kinachompita. Siku moja nilikuja bila kula, akasimamisha kazi akaniambia kwamba kitabu kinasomwa na watu wawili, mimi na tumbo langu, na kwamba tumbo lina lafudhi mbaya.

Kanuni kubwa kwetu ni kwamba msomaji haigizi. Asiyeona ana haki na kitabu chake sawa na mwenye macho. Akitaka kumwonea huruma mtu wa hadithini au kumchukia, achague mwenyewe, asichaguliwe na mtu wa maikrofoni. Hayo niliambiwa siku ya kwanza, na niliamini kabisa kwamba nayafuata. Elimu yangu unaijua, ni ya kuungaunga, lakini kwa kusoma maandiko ibadani tangu ujana wangu nilijiona nina sauti iliyonyooka kama rula.

Sasa mwaka huu alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, dada mtu mzima, asiyeona tangu utotoni. Mimi namwita Bi Maswali, na hilo jina hakulikataa, aliuliza tu kwa nini. Anaandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya ile riwaya ya zamani ya kijana na mjomba wake fundi saa. Sijui kama uliwahi kuisoma. Ni kijana wa mama mjane anayetia nguo rangi. Mama anamtuma mjini akaishi kwa mjomba, ajifunze kutengeneza saa. Kijana anajifunza, anagombana na mjomba, anapenda, anaachwa, anaota ndevu, mwisho anafungua kibanda chake mwenyewe. Basi. Hakuna mauaji wala hazina. Lakini unamwona mtu anakua mbele ya macho yako, siku moja ana kamasi, siku nyingine anampa mtu mzima ushauri, na huwezi kusema alibadilika ukurasa gani.

Hakukuwa na nakala ya maandishi ya nukta, yale wanayoyasoma kwa vidole, basi nikamsomea mimi, riwaya nzima. Na si riwaya tu, na vitabu vya nadharia yake pia. Nadharia yenyewe inaitwa uchanganuzi nafsi. Ilianzishwa na daktari mmoja wa kale, wa mbali huko, aliyekuwa akiwalaza wagonjwa kwenye kochi na kuwaacha waseme tu. Wanasema ndani ya mtu kuna sehemu ya chini asiyoijua mwenyewe, wanaiita ung'amuzi bwete. Nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa wa ng'ombe. Kila tusichotaka kukiona tunakisukumia humo, kisha tunaketi juu ya kifuniko na kutabasamu. Lakini kilichomo hakifi, mdogo wangu. Kinatafuta upenyo: kwenye ndoto, kwenye mzaha, ulimi unapoteleza, au kwenye jambo unalosahau kila mara ukasema ni uzee.

Nilipofika mahali paliposema kwamba mtoto wa kiume, angali mdogo, humtaka mama yake awe wake peke yake na kutamani baba asiwepo, nilisimama katikati ya sentensi nikasema Mungu apishie mbali. Fundi Sauti akaniambia toka kule nyuma ya kioo kwamba na hilo limerekodiwa, na je, alitaka kujua, aliache kama tanbihi? Baadaye nilimuuliza Bi Maswali kama wasomi wazima wanaamini mambo hayo. Akasema nisiyachukue kama taarifa ya polisi, niyachukue kama ramani. Ramani ya mto hailoweshi mtu, akasema, lakini itakuonyesha ulipozama. Nikasema moyoni, huyu ana ulimi.

Basi kwa ramani hiyo akaisoma ile riwaya. Akaona mjomba si mjomba tu, ni yule baba aliyesimama katikati ya njia, ndiyo maana kijana hawezi kumpenda wala kumwacha. Akaona ile tabia ya kijana ya kufungua migongo ya saa, hata zisizoharibika, kwamba anatafuta kitu kilichofungwa mbele yake alipokuwa mdogo. Nilimsikiliza nikaona kweli kitabu kina ghorofa ambazo mimi sikuzipanda. Na uti wa mgongo wa kazi yake yote ukawa ni sura ya tatu, juu ya mama. Aliandika kwamba mama yule ni baridi, mama anayekataa, na kwamba ukuaji wote wa kijana ni mbio za mtu anayekimbia ubaridi ule.

Ushahidi wake ulikuwa ni pale wanapoagana. Kitabuni pako hivi: "Nenda mwanangu, usigeuke. Akafunga mlango." Kisha panafuata mistari miwili juu ya kijana kusimama barazani na furushi lake, na neno hili: "Hakusikia komeo."

Msimamizi wake chuoni, mwalimu mmoja mpole lakini asiyesamehe koma, aliisoma sura ile akamrudishia na swali moja tu. Amwonyeshe ni ukurasa gani mama huyu ni baridi. Bi Maswali alikuja maktaba akicheka, akasema wenye macho bwana, kitu kiko wazi hivi hawakioni. Akaomba Fundi Sauti aweke pale pale, tusikilize wote watatu, mimi nifuatishe kitabuni kwa kidole.

Tukasikiliza. Mdogo wangu, ilikuwa sauti yangu, lakini sikuijua. Ilisema "Nenda mwanangu, usigeuke" kama mtu anayemfukuza kuku. Ilisema "Akafunga mlango" ukasikia chuma. Na lile neno, kwamba hakusikia komeo, nilikuwa nimelipita mbio, chini chini, kama mtu anayevuka mbele ya nyumba ya adui. Bi Maswali akasema, si mnasikia? Nami kidole kiko kitabuni, naona maneno matupu, hayana baridi wala joto. Fundi Sauti ndiye aliyekohoa, akasema kwamba maneno ni ya sukari, sauti ndiyo ya ndimu.

Ili kuondoa ubishi akamwita Babu wa Taarifa. Huyu ni mzee mwenzetu wa kusoma, anasoma kila kitu kama utabiri wa hali ya hewa, hata mashairi ya mapenzi. Akavaa miwani, akasoma ukurasa ule ule, akauliza kama kuna kingine, akaenda zake kunywa chai. Na katika sauti yake mama yule hakuwa baridi hata kidogo. Alikuwa mwanamke anayefunga mlango. Na kwa sababu alilisoma lile neno la komeo kwa uzito sawa na mengine, kwa mara ya kwanza mimi niliyelisoma mwenyewe nikalisikia. Mlango ulifungwa, lakini haukukomewa. Maana yake mama alikuwa bado amesimama pale nyuma.

Bi Maswali hakucheka tena. Aliuliza, polepole, kama kitabu kizima nimekisoma hivyo. Fundi Sauti akajaribu kurasa nyingine. Mjomba nilimsoma sawa, wateja sawa, yule msichana aliyemwacha kijana sawa. Mama tu. Kila alipotokea yule mama, hata akiuliza tu kama nguo zimekauka, ndimu. Ndipo Bi Maswali akaniambia kwamba nimemuuzia mbuzi kwenye gunia, tena yeye kipofu, asiyeweza hata kuchungulia. Alikusanya vitu vyake, akachukua fimbo yake, akasukuma mlango kwa bega badala ya mkono. Alikuwa amebakiza muda mfupi kusimama mbele ya watahini, na muda alishaongezewa, haongezewi tena. Sura ya tatu ikianguka, nyumba yote inaanguka. Nami ndiye niliyempa matofali mabovu.

Nilisali nikamwomba Mungu anionyeshe njia ya kumsaidia yule dada. Nilimwambia Fundi Sauti kwamba nitasoma upya mahali pote penye mama, bila malipo, hata kama ni kila jioni baada ya kazi. Akakubali. Tukaingia. Nikanywa maji, nikaketi wima, nikasoma. Akanisimamisha akasema ni ile ile. Nikasoma tena, nikijitahidi kulainisha, ikatoka sauti ya mtu anayeuza kitu kilichooza. Akasema afadhali ndimu. Nikarudia mpaka akazima mitambo, akavua visikizio, akaniambia kwa upole, na unajua yeye si mtu wa upole, kwamba shida hapa si koo.

Siku chache baadaye Bi Maswali akarudi. Msimamizi wake alikuwa amemwambia asitupe kitu. Alimwambia kwamba wasomi wanapenda kumlaza kochini kijana wa kitabuni kwa sababu hawezi kujitetea, lakini kati ya kitabu na msikilizaji amekaa mtu mwenye nafsi yake, na hilo hakuna aliyeliandika. Akiweza kuonyesha kwamba ubaridi wa mama haukutoka kwa mwandishi bali kwa msomaji, na kwamba yeye mwenyewe aliuamini upesi hivyo kwa sababu zake, basi sura ya tatu haijafa, imezaliwa upya. Lakini anahitaji kitu kimoja, na hawezi kukibuni. Akaomba radhi kwa yale ya mbuzi na gunia, kisha akaniuliza swali moja, kwa adabu kabisa. Ile sauti ni ya nani?

Nilimwambia sijui. Nikasema labda siku ile nilikuwa na mafua. Akatabasamu akasema katika riwaya nzima mafua yalikuja mahali pa mama tu? Nikasema basi sijui. Akasema hana haraka na mimi, watahini ndio wana haraka.

Mdogo wangu, najua. Nilijua pale pale Fundi Sauti alipoirudia. Ile ni sauti ya Mama yetu, siku nilipochukuliwa na Mama Mkubwa.

Sijawahi kuyasema haya kwa mtu, hata kwa marehemu mume wangu, na tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho. Unajua habari yenyewe inavyosimuliwa nyumbani. Baba alikuwa amefariki, maisha yalikuwa magumu, Mama Mkubwa hakuwa na mtoto na aliishi karibu na shule, basi mkubwa akaenda, mdogo akabaki. Ni hadithi nzuri. Na ni kweli. Mama Mkubwa alinilea vizuri, hakunipiga, alinivisha, alinifundisha hata kusoma kwa sauti. Sina la kulalamikia, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu aliyeonewa ana pa kuweka hasira yake. Mimi sikuwa na pa kuiweka, nikaikalia.

Siku ile Mama alikuwa anakanda unga. Mimi nilisimama na mfuko wangu, Mama Mkubwa yuko nje anaharakisha. Nikangoja anikumbatie. Mama akasema, "Haya, nenda. Mikono yangu ina unga." Basi. Alisema kama mtu anayekutuma chumvi. Nikaenda.

Kila alfajiri, tangu nimekuwa mtu mzima, nasali nikimwambia Mungu kwamba nimemsamehe kila aliyenikosea. Na kweli nilidhani nimemaliza. Kumbe Mama sikuwahi kumtaja katika hiyo orodha, kwa sababu nilijiambia hakunikosea. Utamsameheje mtu ambaye hukukubali kwamba alikuumiza? Ndiyo maana nikija nyumbani nalala usiku mmoja na asubuhi nina dharura. Ndiyo maana kila simu namuuliza magoti, magoti, kama vile Mama ni magoti tu. Na wewe, nikisema yote, nilikuonea kijicho. Si kwa ubaya. Nilikuonea kijicho uji wa asubuhi ulioendelea kuunywa pale pale, kwenye kigoda kile kile, mimi nikinywa chai nzuri zaidi kwa watu. Nimelisema hilo mbele za Mungu juzi, kwa maneno hayo hayo, na kwa mara ya kwanza nilisikia sala yangu haina rula ndani yake. Nililia, lakini ni kilio kizuri, usiniombee.

Bi Maswali anataka ruhusa ya kuandika kwamba msomaji wake alimpa mama wa kitabuni sauti ya mama yake mwenyewe. Jina halitaandikwa, langu wala la Mama. Ninataka kumpa. Anastahili, na kazi yake ni ya kweli. Lakini nimemwambia asubiri, kwa sababu nimeona kosa lake na langu ni moja. Wote wawili tumemhukumu mama kwa kusikia tu kutoka upande wa nje.

Wewe ulibaki ndani. Ulikuwa mdogo, lakini hukuwa mdogo wa kutokumbuka, ulikuwa umeketi karibu na mlango wa jikoni unaondoa mawe kwenye maharage, nakuona mpaka leo. Hatujawahi kuzungumza habari za siku ile, wewe na mimi, hata mara moja. Sasa nakuuliza, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Nilipotoka, Mama alifanya nini? Aliendelea kukanda? Aliketi? Alienda dirishani? Alisema neno lolote kwako, au alikunyamazisha?

Usinipambie, nakusihi kwa jina la Mungu. Najua moyo wako, utataka kuniambia alilia hata kama hakulia. Kama aliendelea kukanda, andika aliendelea kukanda, nitalibeba. Nisichoweza tena ni kukaa bila kujua, maana pale nisipojua nimemwekea Mama sauti niliyoichagua mimi, nikaishi nayo miaka yote nikidhani ni yake. Na kama hukumbuki, sema hukumbuki. Kwa vyovyote vile, nikishapata jibu lako nitaomba ruhusa kazini nije, na safari hii sitakuwa na dharura asubuhi. Bi Maswali amekubali kungoja mpaka hapo. Alisema kwamba sura ya tatu imeshazoea kungoja.

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake nimeipatia fundi. Wanangu wote wabusu, pamoja na wa chaki. Majirani wanaoniulizia waambie nipo. Kwa Mama, mpe salamu zangu kama zilivyo, usiziongezee sukari kama ufanyavyo siku zote. Mwambie nimeuliza hali yake yeye, siyo magoti. Akishangaa, mwache ashangae.

Mungu akulinde, na akukumbushe.

Ni mimi,
dada yako akupendaye